Kofia ya Mfukuaji

Ngozi ya ndani ya ile kofia ya chuma ilikuwa imelowa jasho.

Apolonia aligundua asubuhi, aliporudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alipita chumba cha nyuma kufunga dirisha, akaona kofia mojawapo kati ya zile za ukutani imekaa upande. Ilikuwa ile ndogo, ya mtu mwenye kichwa chembamba, ambayo mumewe aliinunua juzijuzi Fort Worth. Akaishusha aipanguse vumbi. Vidole vyake vikaingia ndani vikakuta unyevu, na si unyevu wa baridi bali wa vuguvugu, kama kofia iliyovuliwa sasa hivi na mwenyewe yuko jikoni anakunywa maji. Mumewe Faustine alikuwa kazini tangu alfajiri. Binti yao Queen alikuwa shuleni. Nyumba ilikuwa imefungwa, na funguo alikuwa nazo yeye mkononi.

Aliinusa. Ilitoa harufu ya moshi wa siku nyingi, na chini ya moshi harufu ya chokaa, ile inayotoka ukuta unapobomolewa. Akairudisha kwenye msumari, akanawa mikono kwa sabuni, akaenda kulala na mapazia mazito yamefungwa, maana watu wa zamu ya usiku hulala mchana kama popo. Hakumwambia Faustine neno. Kuhusu hizo kofia walikwisha kugombana vya kutosha.

Na tuseme ukweli, mke yeyote angegombana. Faustine ni Mhaya wa Bukoba, mtu mpole, anapakia mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege hapo Euless, mji wa Texas ulio kati ya Dallas na Fort Worth, haendi baa, hachezi kamari. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kukusanya kofia za chuma za Wajerumani wa wakati wa vita kuu ya pili. Si za askari. Za askari hakuzitaka hata bure. Alitaka za watu wa ulinzi wa raia. Hao walikuwa waoka mikate, walimu, akina mama wa nyumbani, waliopewa kofia ya bluu iliyokoza na koleo, na mabomu yakishaanguka walitoka kwenda kufukua majirani zao chini ya kuta. Alizipata kwenye minada ya vitu vya marehemu, katika nyumba za wazee wa Texas waliopigana Ulaya wakarudi nazo. Alitambua ya kweli kwa pua. Ya kughushi, ngozi yake inanuka rangi ya viatu. Ya kweli inanuka kichwa cha mtu. Wanaume wenye ndevu ndefu waliokusanya vitu kama yeye walimshangaa mwanzoni, baadaye wakamzoea, wakawa wanampigia simu wakipata kitu. Kila kofia ilikuwa na alama mbele, mabawa na ule msalaba uliopindwa wa utawala ule, na kila alama Faustine aliiziba kwa utepe mweusi kabla ya kuitundika.

"Utepe haufichi kitu," Apolonia alimwambia siku moja. Yeye ni Mngoni wa Songea. "Wajerumani waliwanyonga babu zetu, na wewe unawatundikia kofia ukutani. Wageni wakija niwaambieje?"

"Waambie hizi ni za waliokuwa wanaokoa."

"Wanaokoana wao kwa wao."

Hapo Faustine aligeukia kofia zake, na Apolonia naye hakusukuma zaidi, kwa sababu alijua ugonjwa ulianza lini. Ulianza mwaka wa tetemeko la Kagera. Mama yake Faustine alikuwa jikoni kwake Hamugembe ukuta ulipomwangukia. Huku Texas ilikuwa asubuhi, Faustine yuko kazini, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Angepanda ndege kwenda kuzika, asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na mtoto mchanga. Hakwenda. Hakutupa udongo kaburini, hakukaa matanga, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akisema mama amekufa. Husema, "Mama yuko Bukoba." Husema, "Mama hapendi mtu anayebakiza chakula." Nyumba nzima ilikwisha kuzoea kumwacha aseme hivyo, maana kumsahihisha kuliuma zaidi.

Siku chache baada ya lile jasho, alasiri moja ya Aprili, mbingu upande wa Fort Worth zilibadilika zikawa kijani na ving'ora vya mji vikaanza kulia. Kila mtoto wa huko anajua la kufanya kimbunga kikija. Unaingia katikati ya nyumba, mbali na madirisha, unajilaza kwenye beseni kubwa la bafuni, na kichwani unavaa chochote kigumu, hata helmeti ya baiskeli. Helmeti ya baiskeli ya Queen haikuonekana. Faustine akakimbia chumba cha nyuma, akarudi amekumbatia kofia zake.

"Daddy, it stinks," Queen alilalamika akivalishwa ile ndogo.

"Vaa tu, mwanangu. Kimbunga hakijali harufu."

Walibanana ndani ya beseni, watu watatu weusi wamevaa kofia za Kijerumani, na Apolonia akawaza kwamba wakifa hivi, watakaowakuta watapata kazi ya kueleza. Umeme ukakatika. Ndipo ikasikika sauti ya kugonga. Ilitoka chini yao, kwenye mabomba: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Nyumba za Euless hazina chumba cha chini. Zimekaa juu ya zege, na chini ya zege ni udongo mtupu. Apolonia alijiambia ni bomba linatikiswa na upepo. Lakini alihisi mwili wa mumewe ukikakamaa kando yake, akamsikia akinong'ona kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto mdogo.

"Mama? Ni wewe? Jamani, mfukueni. Mfukueni mama yangu."

Kugonga kukanyamaza ghafla, kama mtu aliyeinua kichwa kusikiliza. Kimbunga kikapita mbali, umeme ukarudi, wakacheka kwa ahueni wakavua kofia zao. Queen hakuvua yake. Alikaa nayo hadi mama yake alipomfungua mkanda wa kidevuni kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa lilifuata kosa ambalo ni wazazi wa Kiswahili walioko Marekani tu wangelifanya.

Queen alikuwa na miaka tisa, na Kiswahili alikisikia vizuri, lakini kukijibu, thubutu. Ukimwita aje ale, anakujibu "I'm coming." Ukimkemea, anakujibu "Okay, Mommy." Basi asubuhi iliyofuata alitoka chumbani kwake, akapiga goti mbele ya baba yake kama msichana wa Kihaya wa zamani, akasema, "Shikamoo baba. Mmeamka salama? Wote wapo?"

Faustine karibu amwage chai. "Marahaba! Marahaba mwanangu! Apolonia, njoo usikie maajabu!"

Na maajabu yakaendelea. Siku nzima Queen aliongea Kiswahili, kizuri, cha polepole, cha mtu mzima. Alizunguka vyumbani akiuliza, "Wote wametoka? Hakuna aliyebaki chini?" na wao wakacheka wakamwambia wapo wote, naye akatikisa kichwa kama asiyeridhika. Faustine alimrekodi akisalimia kwa goti, akaituma video kwenye kundi la ukoo. Pongezi zilimiminika, mioyo na maua, hongereni kwa malezi, damu haipotei. Kanisani, Marie-Goretti, jirani yao Mrundi, alimvuta Apolonia pembeni.

"Dada, umefanya nini? Wangu wananijibu Kiingereza hata nikiwafokea."

"Maombi tu, dada," Apolonia alijibu, na alivimba kichwa, Mungu amsamehe.

Kikohozi kilichomwanza Queen siku hizo hawakukitilia maanani. Daktari alisema ni chavua ya miti, msimu wake huo, nusu ya watoto wa Dallas wanakohoa. Apolonia alikung'uta mto wa Queen asubuhi, ukatoa vumbi la kijivu lenye harufu ya chokaa, akajiambia labda ni dari.

Kisha kaka mkubwa wa Faustine akapiga simu kutoka Bukoba. Faustine aliweka sauti ya wote wasikie, akitegemea pongezi nyingine.

"Nani amemfundisha mtoto kupiga goti vile?" kaka aliuliza.

"Hakuna, kaka. Damu yenyewe imejikumbusha."

"Itazame tena hiyo video. Anapiga goti la kulia peke yake. La kushoto analinyoosha pembeni, na kiganja cha kushoto anakiweka chini ajishikize. Nani nyumbani kwetu alikuwa akipiga goti hivyo tangu alipoanguka migombani?"

"Mama," Faustine alisema. Apolonia akaweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

"Kuna jambo sikuwahi kukwambia," kaka akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulikuwa mbali, sikutaka ulibebe peke yako. Mama hakufa palepale. Alikuwa anagonga. Tulimsikia wote. Tulifukua kwa mikono, kwa majembe, kwa masufuria, naye anagonga, hadi jua likazama. Hatukumfikia, Faustine. Nisamehe. Hatukumfikia."

Apolonia alilia pale pale jikoni, alilia kwa sababu ya mama mkwe ambaye hakuwahi kukutana naye uso kwa uso. Faustine hakulia. Alikata simu, akainua uso, na uso ule ulikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomtisha Apolonia kuliko goti na vumbi.

"Polo," alisema kwa kunong'ona, "bado anagonga."

Tangu siku hiyo Faustine hakutaka kusikia habari ya mchungaji wala padri wala daktari. Akitoka kazini alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Queen, kwenye lile kabati la ukutani, lile kubwa la kuingia mtu mzima. Queen alikuwa amefunua kona ya zulia humo ndani, anaparua zege kwa kucha, kofia ndogo kichwani. Baba yake hakumzuia. Alikaa kando yake ameinamisha sikio, na ukimwita aje kula, wote wawili walikutazama kama umewakatisha.

Ilibidi Apolonia afanye lake. Alimpigia Khalfan, rafiki yao wa Tanga, fundi wa kompyuta anayeishi Irving, mji wa jirani, aliyekulia mahali ambapo mambo haya hayashangazi mtu. Khalfan akaja Jumatano kabla ya adhuhuri, Faustine akiwa kazini, na Queen amebaki nyumbani kwa kikohozi. Alikuja na chetezo, makaa, ubani na udi.

"Shemeji, usiogope," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba inafukizwa, kinatoka. Kwetu tumeona mengi."

"Asije akaumia mtoto, Khalfan."

"Moshi hauumizi mtoto. Moshi ni dawa."

Akapanda kiti akatoa betri ya kile kidude cha darini kinacholia kikinusa moshi, kisije kikawaaibisha kwa watu wa zimamoto, kisha akawasha makaa. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba kile wanachokifukiza kilikuja na harufu ya moshi tangu siku ya kwanza, na kwamba kofia ile kazi yake ilikuwa kukimbilia mahali moshi unapotoka. Wala hakuna aliyekumbuka kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi miji ya huko hujaribu ving'ora vyake mchana.

Ubani ulikuwa umeshajaa sebuleni, na Khalfan anazungusha chetezo mlangoni kwa Queen akisoma anayoyajua, pale king'ora kilipoanza, kwanza kwa mbali, kisha cha karibu, kisha vyote pamoja, vikipanda na kushuka juu ya mapaa, na Queen akatoka kitandani macho yameenea uso mzima, akapiga kelele, "Moto! Shukeni chini! Shukeni nyote chini!" kwa sauti ya mwanaume aliyezoea kuamrisha watu wenye hofu, akamkamata mama yake kiunoni akamburuta hatua kadhaa, yeye mtoto wa kilo chache, akamwachia, akaingia kabatini, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo cha ukuta unaoanguka. Apolonia alivuta kitasa, Khalfan akavuta, wote wakavuta, na mlango haukutikisika, ulikuwa mzito kana kwamba nyuma yake kumerundikwa nyumba nzima, na kutoka ndani wakasikia koleo likikwaruza mawe, na vifusi vikiporomoka, na mtu akihema kwa kazi, na chini ya hayo yote ule ugongaji, karibu mno sasa, wa haraka, wa mtu aliyesikia wanakuja.

Khalfan akamwaga ndoo ya maji juu ya makaa. King'ora kikaisha. Mlango ukafunguka wenyewe.

Queen alikuwa amelala kifudifudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama sakafuni hadi begani, na sakafuni hapakuwa na tundu lolote, ni zege zima, na mkono umeingia ndani yake kama unavyoingia kwenye unga. Apolonia alimkumbatia akavuta kwa nguvu zake zote. Mkono ukatoka mweupe kwa vumbi la chokaa. Kwenye kifundo kulikuwa na alama nyekundu za vidole, vidole vya mtu mzima, vilivyobana.

"Nilikuwa nimeshamshika," Queen alisema kwa huzuni. "Mbona mmenivuta?"

Faustine aliporudi alionyeshwa zile alama. Aliweka vidole vyake juu ya alama hizo kimoja kimoja, kama anayepima.

"Anakaribia kufika," alisema.

"Nani anakaribia?" Apolonia alipaza sauti kuliko wakati wowote wa ndoa yao. "Faustine, hakuna anayekuja! Ni mtoto anayekwenda! Humwoni? Mwanao anakwenda!"

Khalfan alikuwa bado yupo, amekaa kwenye kona na chetezo chake kilicholowa. "Mimi nimechokoza, ndugu yangu," alisema. "Niwapeleke kwa mtu wa dini yenu. Yuko Katy, kule Houston."

Jumamosi wakashika barabara ya Houston, Khalfan akiendesha, kofia ndogo imefungwa kwenye kanga ndani ya buti, na Queen amelala mapajani kwa mama yake, mwepesi kama nguo tupu.  Kila gari lilipopita juu ya maungio ya daraja Faustine alishtuka akasikiliza.

Mama Prudensia wa Katy ni mwanamke wa makamo, Mkatoliki, muuguzi wa watu wanaongoja kufa majumbani kwao. Anaishi kwenye moja ya zile nyumba mpya zinazofanana zote, na watu wa Afrika Mashariki humwendea kimyakimya, bila kuambiana. Aliwapokea mchana kweupe. Jirani alikuwa anakata nyasi. Akamwomba Khalfan angoje nje, akamketisha Queen juu ya vigae vya sebuleni, akaweka kofia mbele yake, na rozari mkononi. Hakuwasha kitu.

"Wewe ni nani?" aliuliza, kwa upole, kama anavyouliza wagonjwa wake.

Queen akafumbua macho. "Mfukuaji."

"Ndiwe uliyekuwa mwenye kofia hii?"

"Mwenyewe alikufa zamani. Alisikia mtu anagonga chini ya nyumba. Wakubwa wake wakamwambia acha, hakuna mtu humo. Akaacha. Mimi nilikuwa nakaa kwenye magofu, nikamsikia akilia ndani ya kofia yake, nikaingia humo. Tangu hapo nafukua."

"Na hapa umeitwa na nani?"

Queen akamnyooshea baba yake kidole. "Huyu. Alisema, mfukueni."

"Umempata?" Faustine aliuliza, kabla mtu hajamziba mdomo.

"Nimempata. Tundu ni dogo, mimi sipiti. Mtoto anapita. Amebakiza mabega tu."

"Akishapita," Mama Prudensia aliuliza, "atarudije?"

Mashine ya nyasi ilinguruma nje. "Kurudi si kazi yangu," ile sauti ilisema. "Kazi yangu ni kufika."

Na hapo kugonga kukaanza, chini ya vigae vya Katy, maili nyingi kutoka lile kabati la Euless, ko, ko, ko, na kiganja cha Queen kikazama sakafuni, kisha kiwiko, taratibu, bila haraka, na Apolonia akamrukia akamshika kiuno, akajikaza, na visigino vyake vikateleza kwenye vigae vinavyong'aa, huku kinywa cha mtoto kikifunguka na sauti nyingine ikitoka humo, ya mama mzee wa Bukoba, imekauka kwa vumbi, ikiita jina la nyumbani la Faustine, ambalo hata kwenye leseni yake ya Texas halimo.

"Mutashobya. Mutashobya mwanangu. Ni giza huku."

Faustine akapiga magoti. "Mama."

"Sikiliza," Mama Prudensia alimwambia, na sasa sauti yake ilikuwa kali. "Wewe ndiwe uliyemtuma, ni wewe tu wa kumwachisha. Mwambie kazi imekwisha. Mwambie mama yako amekufa."

"Lakini anagonga! Nitasemaje amekufa, na mimi namsikia anagonga?"

"Utasema hivyohivyo. Huku ukimsikia."

"Waliwahi kumwacha mara moja. Nimwache na mimi?"

"Faustine!" Apolonia alilia. Bega la Queen lilikuwa limefika kwenye kigae, na shavu lake limelala sakafuni, na macho yake yalikuwa yake mwenyewe sasa, ya mtoto, yamejaa woga. "Faustine, mtazame mwanao!"

Akamtazama. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kofia, na maneno yakamtoka kwa shida, moja moja.

"Mama yangu amekufa. Ukuta ulimwangukia akafa. Amezikwa Hamugembe na mimi sikuwepo. Acha kufukua. Nasema acha. Nenda."

Kitu kilihema ndani ya kofia, pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo. Mkono wa Queen ukaachiliwa, Apolonia akaanguka naye chali. Harufu ya moshi ikakatika. Mama Prudensia akaingiza vidole ndani ya kofia, akaikuta ngozi kavu, imepasuka kwa uzee.

"Mommy," Queen alisema akilia, "my arm hurts. I wanna go home."

Apolonia hakuwahi kukipenda Kiingereza kama siku hiyo. Alimbeba juujuu, akambusu uso mzima, akatoka naye kumkimbilia Khalfan garini. Mama Prudensia akajifuta jasho.

"Pepo limekwenda," alisema.

Lakini Faustine hakuinuka. Alikuwa bado ameinamisha kichwa, na Mama Prudensia naye akainama, maana alikuwa anasikia pia. Ko, ko, ko.

"Umesema limekwenda."

"Limekwenda, mwanangu. Lakini huko kugonga hakukuwa kwake."

Faustine akalala kifudifudi, sikio juu ya kigae. Akakunja kidole akagonga naye, taratibu, ili ajue kuna mtu. Akajibiwa. "Nipo, mama," alisema kwa Kihaya. "Ni mimi. Siwezi kukutoa, lakini nipo, siendi popote." Akamwambia kuhusu Queen, kwamba ana meno kama yake na mkaidi kama yake. Akamwambia kwa nini hakuja kuzika. Kila akinyamaza aligonga, na kutoka chini alijibiwa, kwa kuchelewa kidogo, kisha kwa kuchelewa zaidi, kisha mara moja tu, hafifu. Jirani alikuwa ameshamaliza kukata nyasi. Mwanga wa jua ulikuwa umehama kutoka dirisha moja hadi jingine.

Mama Prudensia akamshika bega. "Inatosha, mwanangu. Ameshakwenda."

"Najua," Faustine alisema, na aliendelea kugonga.